Pinki ya Saa Nne na Nusu

Katika wodi ya upasuaji, siku ilianza kabla jua halijachomoza vizuri. Mhudumu alideki sakafu, madirisha yakafunguliwa, kisha Sista akaja akisukuma kigari cha dawa chenye gurudumu moja lililokuwa likilia. Alianzia kitanda cha bibi mmoja aliyekuwa amevunjika bega na nyonga, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Kisha alihamia kitanda cha Pindo.

Pindo halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa fundi cherehani, na tangu akiwa na miaka saba alimsaidia mama yake kushona mapindo ya nguo za wateja kwa mkono. Mishono yake ilikuwa midogo na iliyonyooka, hata wengine walidhani ni ya mashine. Jina likamganda.

Mwaka uliopita, mlango wa chuma wa duka lao ulikiponda kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto. Kidonda kilipona, lakini kiungo cha katikati kiliharibika. Kidole kilibaki kimenyooka tu, hakikunjiki wala hakishiki kitambaa. Ndipo Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliposhauri kiungo kichukuliwe kutoka kidole cha pili cha mguu wake na kupandikizwa mkononi.

"Kwa nini usimwekee cha chuma?" Mama aliuliza siku ile.

"Cha chuma hakikui, mama, na huyu bado anakua. Kiungo cha mguuni kiko hai. Tukikihamisha pamoja na mishipa yake ya damu, kitaendelea kukua naye. Nitashona mshipa unaoleta damu na mshipa unaoitoa, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, nikitazama kwa hadubini."

"Loo! Uzi huo cherehani yangu ingeumeza bila kujua," Mama alisema.

Daktari alicheka kidogo, kisha akamgeukia Pindo. "Nawe nisikilize, mwanangu. Bila damu, kiungo hiki ni kipande cha mfupa tu. Kikifa, sitaki kuurudia mguu wako kuomba kingine."

Sasa ilikuwa siku ya tano baada ya upasuaji. Mkono wa Pindo ulilazwa juu ya mto, umezungushiwa bandeji. Juu ya kidole paliachwa uwazi mdogo, na ndani yake kilionekana kipande cha ngozi ya mguuni, ukubwa wa kifungo cha shati. Kupitia ngozi hiyo waliweza kujua hali ya damu ndani. Siku tatu za mwanzo Sista alikuja kuitazama kila saa, usiku na mchana. Siku ya nne alipunguza, akawa anakuja kila baada ya saa nne, na katikati alimwachia Pindo daftari.

"Kila nusu saa ukiwa macho, tazama rangi uiandike," alimwambia. "Ikiwa pinki, andika pinki. Ikibadilika, hata kidogo, usiandike kwanza, niite. Na bandeji usiiguse."

Pindo aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Mwandiko wake ulikuwa safi, na kila mstari ulisema pinki.

Asubuhi hiyo, saa tatu, Sista alitazama ngozi, akaibonyeza taratibu, akaridhika na kuondoka. Bibi wa kitanda cha jirani akanyoosha shingo.

"Mjukuu wangu, wewe si ndiye mtoto wa fundi? Mbona umefungwa ovyo ovyo hivyo? Hiyo bandeji imelegea, nyuzi zinaning'inia kama tambara la kudekia!"

Bibi alikuwa anatania tu, kisha akageuza uso ukutani na kusinzia. Lakini maneno yale yalimkaa Pindo. Kweli bandeji ilikuwa imelegea na ncha yake imechanika. Kwa mtu aliyelelewa katikati ya nguo, jambo lile liliwasha kama upele. Mfuko wa kazi wa Mama ulikuwa chini ya kitanda, kwa kuwa kila akija kumwona alikuja na mashati ya kutia vifungo. Pindo aliuvuta, akatoa sindano na uzi mweupe. Aliikaza bandeji ikalala vizuri, akaikunja ile ncha kwa ndani na kuishona kwa mkono wa kulia. Mshono haukuonekana. Alipomaliza alijisikia fahari, na mimi simlaumu kwa hilo, kwani kazi ilikuwa nzuri.

Saa nne, ile ngozi ilikuwa imefifia. Pindo alijiambia ni kivuli cha dirisha. Akaandika pinki.

Saa nne na nusu ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, na kidole kilikuwa kikipwita ndani ya bandeji. Alishika sindano akaanza kufumua mshono wake mpaka uzi wote ukatoka na bandeji ikalegea. Alingoja rangi irudi. Haikurudi.

Angeweza kuita wakati ule. Sista alikuwa mezani kwake, hatua ishirini hivi, akijaza fomu. Lakini Pindo alimwazia Daktari aliyesimama saa tisa nzima akishona ile mishipa. Alimwazia Mama, aliyefunga duka wiki nzima. Watamwona mtoto wa namna gani? Labda rangi itarudi yenyewe, alijiambia. Akachukua kalamu, akaandika: Saa 4:30, pinki.

Lilikuwa neno dogo, nalo lilikaa pale kwenye karatasi likiwa na mwandiko uleule mzuri wa mistari ya kweli. Pindo aliliangalia, akaona aibu. Akatazama tena ngozi. Ilikuwa nyeusi zaidi. Akajua kwamba Sista akija kulisoma daftari, ataliamini, maana hakuwahi kumdanganya. Na saa ya Sista kurudi ilikuwa saa saba.

Alijikaza kisabuni kwa dakika chache nyingine. Kisha alipiga moyo konde, akaita kwa sauti iliyomwamsha hata bibi.

"Sista! Sista, njoo! Nimeandika uongo!"

Sista aliacha kalamu, akaja mbio. Alitazama ile ngozi, uso wake ukabadilika, ila sauti yake haikupanda.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne ilianza kufifia. Nne na nusu ikawa zambarau. Niliikaza bandeji nikaishona, Sista, halafu nikafumua. Pale nilipoandika pinki si kweli."

"Una hakika ni saa nne?"

"Ndiyo. Niliona kwenye saa ya ukutani."

Sista aliikata bandeji yote kwa mkasi, akauinua mkono juu ya mito miwili, akampigia simu Daktari. Daktari alifika akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji kichwani. Aliibonyeza ngozi, akaitazama ikijaa haraka damu nyeusi.

"Damu inaingia, haipati njia ya kutoka," alisema. "Mshipa wa kutolea umeziba. Kama ni tangu saa nne, bado tuna muda. Twende."

Kitanda kilisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Mlangoni walikutana na Mama, ametoka nyumbani na tepu ya kupimia ingali shingoni. Pindo alitamani mtu mwingine aseme.

"Mama, nilishona bandeji. Nikaficha," alisema akilia.

Mama alimshika mkono mzima, akaubana. "Nimekusikia, mwanangu. Nenda. Nitakungoja hapa hapa."

Aliketi kwenye benchi kwa saa tatu na ushei. Daktari alipotoka, alisema kwamba bonge dogo la damu lilikuwa limekaa kwenye mshipa, nao wameliondoa na kushona upya. Ngozi imeanza kurudi pinki. Mama alifunika uso kwa viganja vyake viwili akalia.

Jioni, Pindo alipozinduka vizuri, Sista alikuja kuketi kando yake.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilikwambia usiguse bandeji, sikukwambia sababu. Iliachwa imelegea makusudi, ili kidole kikivimba damu isibanwe. Tena zamu ile ilikuwa yangu, sikupaswa kumwachia mtoto. Kuanzia leo nakuja mwenyewe kila saa."

Baada ya wiki sita, pini za chuma zilizoshikilia mfupa zilitolewa. Daktari aliuweka mkono wa Pindo juu ya meza, Mama akiwa amesimama nyuma.

"Kunja kidole. Taratibu."

Kidole kilikunjika. Kidogo tu, lakini kilikunjika pale katikati, ambapo kwa mwaka mzima hapakuwa na kitu. Mama alisema, "Alhamdulillahi!"

"Pindo," Daktari alisema, "siku ile ulifanya makosa mawili. La kushona lilikuwa la kutojua, na ungeita mara moja tungelimaliza kwa mkasi. La kuandika pinki ndilo lililokaribia kukinyima kidole uhai, kwa sababu sisi hutibu tunachoambiwa. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulifika kamili, pamoja na saa yake. Huo ndio ulionipa njia. Mtu akikuamini, usimwambie analotaka kusikia. Mwambie lililopo."

Kisha alikigusa kidole pembeni ya kovu. "Hapa panauma?"

Pindo alimtazama Mama, aliyekuwa akitabasamu huku machozi yanamtoka. Hakutaka kuiharibu furaha ile. Akavuta pumzi.

"Panauma, Daktari. Sana."

"Ahsante," Daktari alisema, akavuta kiti karibu. "Basi tutaanzia hapo."