Hewa ya Chumba cha Pasi

Katika nyumba yetu, mjuzi wa vifua ni mimi. Nimelea watoto saba, na kikohozi nakijua kwa sauti tu. Mjukuu wangu wa kwanza nilisema ana mafua madogo. Tulimzika kabla hajaanza kutambaa.

Sasa yupo wa pili, ana miezi minane. Mama yao, mke wa mwanangu, ni dobi. Alikuwa akipiga pasi ya mkaa chumbani, mtoto mgongoni, mlango na dirisha vimefungwa. Vumbi la barabarani likigusa shati jeupe la mteja, ni kufua upya. Basi mashati yalikuwa meupe, kuta zikawa nyeusi.

Mtoto akaanza kukohoa. Akivuta pumzi, mbavu zinabonyea ndani. Zahanati walimpa dawa, kisha wakatuletea mpimaji wa hewa, binti mwembamba mwenye vijiboksi viwili.

"Ni malori hayo," mwanangu alimwambia. "Yanapita kutwa nzima."

"Huenda, kaka. Tupime kwanza, tulaumu baadaye."

Kijiboksi kimoja alikitundika nje. Cha pili alikitundika chumbani, chini, usawa wa kitanda cha mtoto.

"Mbona chini hivyo?" nikauliza.

"Bibi, nataka kujua anachovuta mtoto, siyo kinachovutwa na dari."

Nikaona huyu ana mdomo kama wangu. Nikampa kile kiti chenye miguu yote.

Alitueleza kwamba kifaa kina feni ndogo ya kuvuta hewa, halafu kinahesabu chembe za moshi. Chembe hizo jicho halizioni, lakini hufika ndani kabisa ya mapafu.

Baada ya wiki alirudi na karatasi yenye mstari wa kupanda na kushuka. Lori likipita, mstari wa nje ulipanda kidogo, ukashuka. Pasi ikiwaka, mstari wa chumbani ulipaa, ukakaa huko juu saa tano nzima.

"Moshi wa lori unapita," alisema. "Huu mnaishi nao. Mkaa mnauwashia nini?"

"Mfuko wa plastiki," mke wa mwanangu alijibu taratibu. "Unashika haraka."

"Plastiki inatoa sumu, dada. Na mkaa una hewa nyingine mbaya, haina harufu, hata kifaa hiki hakiioni. Chumba kikifungwa, inaua."

Mke wa mwanangu akaketi sakafuni.

Siku hiyohiyo mwanangu alisimamisha kibanda uani, pande mbili wazi. Mashati yakafunikwa shuka. Mkaa ukawashwa kwa vijiti vikavu, mbali na mtoto. Dirisha likafunguliwa. Mtoto akabaki chumbani na mimi.

Kikohozi kilipungua, lakini hakikuisha. Mbavu bado zilibonyea. Mpimaji akaja na karatasi ya pili.

"Asubuhi safi, jioni safi. Ila saa nane mchana pana mlima, siku nne mfululizo. Saa nane mtoto huwa na nani?"

Wote wakanigeukia.

"Mimi hulala saa hizo," nikasema. "Labda jirani anachoma taka."

"Kifaa cha nje hakikuona taka, bibi. Na siku ya tano, saa nane, mstari umelala chini kabisa. Hata hewa safi haiwi hivyo. Kuna mtu alikiziba."

"Panya," nikasema. "Panya wa hapa ni werevu."

Hakuna aliyecheka. Binti alichomoa uzi mwekundu kwenye matundu ya kifaa. Mwanangu akatazama kitambaa changu chekundu cha kichwa. Kisha akainua mto wangu na kutoa pakiti ya sigara.

"Kwa kifua cha mtoto, bibi, moshi ni moshi," binti alisema kwa upole. "Hata wa sigara moja."

Mke wa mwanangu alimkumbatia mtoto. Hakupaza sauti.

"Mama," akaniuliza, "na yule wa kwanza? Saa nane ulikuwa unalala pia?"