Tabaga Isiyofungwa Ukingo

"Yeye mwenyewe alinitumia!"

Koplo Sule alisema hivyo sebuleni kwetu Arua, mbele ya baba yangu, huku ameshika tabaga yangu!

Kwa msiojua, tabaga ni kile kifuniko cha chakula tunachosuka sisi Wanubi kwa majani ya rangi. Msichana akimpelekea mwanaume chakula kimefunikwa kwa tabaga aliyoisuka mwenyewe... basi. Amekubali ndoa.

Na mimi wallahi sikumpelekea hata chai!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1974, nina miaka kumi na tisa.

Miezi mitatu huyo mwanajeshi alinifuata. Nikienda sokoni, yuko nyuma. Nikienda bombani, gari lake la jeshi limesimama pale, linanguruma. Hasemi kitu. Anatazama tu... Nikawa naogopa hata kwenda chooni peke yangu.

Nikaenda polisi.

"Amekupiga?"

"Hapana, afande."

"Amekugusa?"

"Bado..."

"Sasa kesi iko wapi? Mutu kutembea barabarani iko kosa gani?"

Kisha akachungulia dirishani. Lile gari lilikuwa nje!

Akanong'ona, "Dada, rudi nyumbani. Mimi pia iko na watoto."

Haya, turudi sebuleni. Sule alikuwa amemleta mama yake, Mama Sitti, kutoka Koboko, aje amposee. Na bastola kiunoni, jamani. Kwenye posa!

Baba akaniuliza, "Sadiya, ni kweli?"

Sauti haikutoka.

Kaka yangu Umaru akadakia, "Kweli, Baba. Mimi niliona akituma."

Heee! Nikamgeukia. Macho yangu yakashuka mpaka miguuni kwake... buti mpya za jeshi! Umaru, aliyekuwa analilia kuandikishwa jeshini mwaka mzima. Hapo nikajua nani aliichomoa tabaga chini ya kitanda changu. Ndugu wa tumbo moja!

"Lete hiyo tabaga," akasema Mama Sitti.

Akaigeuza. Akapitisha kidole ukingoni, taratibu. Ncha za majani zilikuwa bado zinachomoza.

"Sule. Nani alikupa hii?"

"Yeye, Mama."

"Uongo! Ukingo bado wazi. Mwanamke gani anatoa tabaga haijafungwa? Ni aibu, ni kama kutoka nje bila nguo! Hii iko ya kuiba."

Sule, mwanaume aliyetisha polisi, akaanza kubabaika. Akamnyooshea kidole Umaru.

Mama Sitti akavua kandambili, akamchapa nayo mwanawe mbele yetu sote!

"Ukimfuata tena huyu mtoto, sina radhi na wewe. Hata kaburini kwangu usije!"

Akanirudishia tabaga yangu. "Malizia, mwanangu. Utampa unayemtaka."

Sule hakurudi. Lakini hofu haikwenda naye. Hata leo nikisikia gari limesimama linanguruma, nafunga mlango.

Umaru sikumsemesha miaka kumi na moja.

Sasa kwa nini nawaandikia leo?

Mwezi uliopita mjukuu wangu Mariam alinionyesha simu yake. Ujumbe arobaini kwa siku, namba asiyoijua. "Leo umevaa njano." Halafu picha yake, amesimama getini kwetu!

Tukaenda polisi. Kijana wa kaunta, bila kuinua uso:

"Amekugusa?"

Ya Rabbi... miaka hamsini, swali lile lile! Na sauti yangu ikakwama tena, vilevile kama siku ile.

Fimbo ikagonga sakafu nyuma yangu. Umaru! Mzee wa watu, mgongo umepinda, alikuwa ameng'ang'ania kuja nasi.

"Andika, kijana! Siku hizi kumsumbua mtu kwa simu ni kosa, sheria iko. Zama zetu hakuna aliyeandika. Na mimi huyu dada yangu nilimuuza kwa viatu. Andika!"

Kijana akachukua kalamu.

Mimi nikalia pale pale kaunta, mbele za watu, sikujali.

Wapendwa, ukifuatwa usingoje uguswe. Sema mapema, tena kwa sauti, na ung'ang'anie waandike. Halafu jiulize anayekufuata njia yako kaijuaje, maana mara nyingi kuna mtu wa nyumbani aliyempa habari.

Na wewe unayegawa namba ya dada yako ili upate vocha... viatu vya Umaru vilichakaa mwaka mmoja tu. Aibu yake anaivaa mpaka leo.