Aliyeomba Kamba

Kioo kilikuwa kimepasuka. Fundi mwashi alikibandika juzi tu, kipande cha urefu wa kidole, kukatiza ufa wa chumba cha nyuma, akakishika kwa saruji pande zote mbili. Ufa uliolala hauvunji kioo, alisema. Sasa alikuwa amechutama akikitazama, na kilichomsumbua si kule kupasuka. Vipande vilikuwa vimelowa, na ukuta wenyewe ulikuwa mkavu kama unga.

"Nyumba ni kama mchumba, kaka," alimwambia dereva wa lori aliyemleta. "Akija kajipodoa, usitazame uso, tazama miguu. Mwombe mwenye nyumba turuhusiwe kuchimba hapa, tuone msingi umekalia nini."

Dereva na mkewe, mshonaji wa nguo, walikuwa wamepanga miaka kumi na miwili, chumba na sebule, na choo cha kugombania na majirani. Hii ingekuwa nyumba yao ya kwanza. Mwuzaji, mzee mpole wa sauti ya chini, alikubali kila walichoomba isipokuwa kuchimba.

"Nunueni kwanza," alisema. "Ikishakuwa yenu, chimbeni mpaka mchoke."

Mshonaji alimvuta mumewe kando. "Mtu asiyetaka chini ya nyumba yake pachunguzwe ana lake jambo."

"Ufa ni ufa tu, mke wangu. Hakuna nyumba isiyo nao."

Wakanunua. Fundi akaziba ufa kwa lipu, ukarudi. Akaziba tena, ukarudi umepanuka, ukateremka hadi sakafuni. Chumba kile kilikuwa na mwanga mzuri, kwa hiyo mshonaji aliweka cherehani yake humo, akajizoesha harufu iliyotoka ukutani kila jua lilipokuwa utosini: harufu ya maji yaliyokaa gizani muda mrefu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mwenzake mchana kutwa. Masikio yake yalikuwa yamekufa miaka sita. Ukitaka kusema naye, ulimgusa bega akusome midomo. Adhuhuri moja, cherehani ikiwa imezimwa, aliinua kichwa.

"Mwanangu, mbona humjibu?"

"Nani, mama?"

"Huyo anayeomba kamba."

Mshonaji aliangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Alijiambia kwamba uzee una mambo yake, akaendelea kupiga pasi.

Wiki ile dereva alikuwa safarini. Jumatano mshonaji alimpelekea mteja gauni lake, akachelewa kidogo, na aliporudi alimkuta mama mkwe ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, akifunga mabaki ya vitambaa fundo kwa fundo na kuyaingiza kwenye ufa, ambao sasa ungepitisha vidole vitatu.

"Mama, unafanya nini?"

Mama hakumwona akisema. Na kitambaa kilikuwa kinakwenda chenyewe. Kilivutwa, kikapumzika, kikavutwa tena, kama kinavyofanya kitu kinachoshikwa kwa mkono mmoja kisha mwingine, na mshonaji alipokidaka akahisi uzito upande wa pili, uzito wa mtu mzima, ukipanda, na harufu ile ikamjaa kooni, na kwa mara ya kwanza yeye mwenye masikio mazima akasikia: kucha zikikwangua mawe, pumzi ikihema, ikikaribia, ikikaribia, mpaka sauti ya mwanamke ikasema chini ya goti lake, taratibu kabisa, "Bado kidogo, dada. Nishikilie."

Alichukua mkasi akakata.

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha, mbali sana, maji yakapokea kitu.

Mshonaji alimpigia simu mumewe, naye akageuza lori njiani. Alikuja na fundi, na fundi akaja na mganga, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Walivunja sakafu. Chini ya zege kulikuwa na mdomo wa kisima cha zamani, na chumba kizima kilikuwa kimejengwa juu yake. Ndiyo maana kuta zilikuwa zikizama.

"Mmekalia mlango wa jini," mganga alisema kwa sauti ndogo. "Lina ujanja wa sauti. Likilia, msilihurumie."

Alisoma aliyoyasoma, akafukiza, akaamuru kisima kifukiwe. Mawe yakaingia mchana kutwa, juu yake zege na nondo. Harufu ikakatika. Kuta zikatulia. Dereva akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ni mama mkwe tu aliyekuwa akilala pale, sikio sakafuni.

"Bado analia," alisema. "Ila sasa hasemi neno."

Siku ya kumi mwuzaji alikuja. Aliacha gari barabarani, akaingia bila kubisha hodi, akaiona sakafu mpya.

"Mmeziba?"

"Tumefukia mpaka juu," dereva alisema kwa ukali. "Ulituuzia nyumba yenye jini, mzee."

"Hapana," alinong'ona, akitazama nyuma yake kuelekea garini. "Kisima kilikuwa uani. Mke wangu alisikia mtu anaomba kamba, akamhurumia, akamteremshia. Jioni akaingia ndani amelowa, akasema ameteleza. Nikampa nguo kavu. Siku chache baadaye nikapita kisimani, nikasikia naitwa kwa jina la utani ambalo mke wangu peke yake huniita." Akatazama tena garini. "Aliye ndani ya nyumba akaniamuru nijenge chumba juu ya kisima. Nikajenga."

"Hukumtoa?" mshonaji aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nilimwogopa wa ndani kuliko nilivyompenda wa chini. Nikiwa mwenye nyumba, asingeruhusu pachimbwe. Nikadhani ikishakuwa yenu, mtachimba. Mtamkuta."

Mshonaji alitazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika mkasi.

"Baba," mwanamke aliita kutoka garini, kwa upole. "Twende."

Mzee akaenda, kama mtoto aliyeitwa. Mshonaji alimfuata hadi barabarani. Mwanamke garini alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye uso wa kawaida kabisa. Aliteremsha kioo.

"Asante, dada," alisema. "Mmeziba vizuri."

Gari lilipoondoka, mshonaji alirudi ndani, akachukua nyundo kubwa ya fundi, akaanza kuipiga sakafu. Dereva alisimama akimtazama, kisha akaenda kutafuta mtaimbo. Walivunja mpaka viganja vikachubuka, nondo za kwanza zikaonekana, na chini yake mawe, mawe matupu.

Mshonaji alimgusa mama mkwe bega. "Sikiliza, mama. Mwambie tunakuja."

Mama aliweka sikio kwenye mawe, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, akajifuta vumbi shavuni, akatikisa kichwa. "Halii tena."