Ugonjwa Uandikwe Ugonjwa

Asubuhi ya Kashikishi huanza na samaki. Mitumbwi ikifika, akina mama hukimbilia ufukweni na mabeseni yao. Kila mmoja anataka chisense, wale samaki wadogo wadogo, kabla jua halijapanda. Huwatandaza juu ya mchanga safi, na jua likiwa kali, jioni wamekauka.

Léonie alifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Yeye na mume wake, Kabamba, walikuwa Wakongo kutoka Pweto, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Lakini mwaka huo wa 1998 walikuwa wamekwisha kuwa watu wa Kashikishi, upande wa Zambia. Binti yao, Yolande, aliolewa na Kangwa, mvuvi Mzambia wa Kilwa, kisiwa cha ziwa hilo hilo. Yolande aliishi huko kisiwani na Kangwa, pamoja na baba mkwe wake, Mzee Mutale.

Kwao kisiwani hakukuwa na simu. Mtu akitaka kupeleka habari, aliandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi. Alikikunja, akampa mvuvi yeyote aliyekuwa anavuka. Mvuvi hakuomba malipo, wala hakufungua. Karatasi ya watu haifunguliwi, walisema. "Tumeni chumvi." "Ndoo imefika." "Yolande anawasalimu." Ndivyo watu wa ziwa walivyozungumza, na kwa habari za chumvi na ndoo njia hiyo ilitosha kabisa.

Siku moja ya Juni, saa mbili asubuhi, Patson alikuja ufukweni kwa Kabamba. Patson alikuwa na boti ya moteri, na kazi yake ilikuwa kubeba samaki kutoka Kilwa.

"Baba Yolande, kuko kamukanda yenu," alisema, akimpa karatasi iliyokunjwa. "Balinipatia ku Kilwa."

Kabamba alifuta mikono, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti:

"Yolande iko mugonjwa sana. Mukuye mbio. Kangwa."

Alisoma mara moja tu. Kisha akakaa chini, hapo hapo mchangani. Léonie alipomwona amekaa, aliangusha beseni.

"Mutoto wangu!" alilia. "Yolande wangu alikufa!"

Msomaji, labda unashangaa. Karatasi haikusema kwamba Yolande amekufa. Lakini kwa watu hawa kifo hakiandikwi. Mtu akifa, jamaa zake wa mbali huandikiwa, "Ni mgonjwa sana, njooni haraka." Huambiwa ukweli wakifika, wakiwa wameketi, na kuna mtu wa kuwashika. Desturi hiyo ilitokana na huruma, siwezi kuisema vibaya. Kabamba mwenyewe alikwisha kuandika karatasi kama hiyo mara tatu, na mara zote tatu mgonjwa alikuwa maiti. Basi siku hiyo alisoma kile alichozoea kuandika.

Kilio kikasambaa. Majirani walikuja, na akina mama wa kanisa walikuja. Wanaume waliwasha moto mbele ya nyumba, wakaketi. Chisense wa Léonie walibaki ndani ya beseni na nzi.

"Tutavuka kesho," Kabamba aliwaambia wanaume. "Mi nangojea dada yangu wa ku boma, kule mujini. Na tutafute unga. Batu habaendake ku kilio mikono mitupu."

Wanaume waliitika kwamba ni kweli. Hakuna aliyemuuliza Patson swali lolote. Patson naye aliketi kati yao, ameinamisha kichwa. Boti yake ilikuwa imefungwa pale chini, moteri nzima na petroli imejaa, na saa sita alitaka kurudi Kilwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Kilio ndicho kilichokuwa kinaficha maradhi.

Saa tano, jirani yao Dorica alirudi kutoka kazini. Dorica alikuwa Mbemba, msaidizi wa wauguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya hapo Kashikishi. Kiswahili alijifunza sokoni, na kingine alifundishwa na Léonie mwenyewe. Alisikia kilio kutoka barabarani, akaja mbio. Alipoambiwa ni Yolande, alipiga magoti, akamkumbatia Léonie, akalia naye. Kisha akauliza kama watu wanavyouliza siku zote msibani.

"Alikufa lini?"

Hakuna aliyejua.

"Alikufa na nini?"

Hakuna aliyejua.

"Sasa nani alisema alikufa?"

Kabamba alimpa ile karatasi. Dorica aliisoma mara mbili. Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, na uso wake ukawa mkali.

"Ba Kabamba, mukwai, hapa kufa iko wapi?" aliuliza, bila kuacha lile neno la heshima la Kibemba.

"Dorica, we uko mutu mukubwa. Unajua vile tunaandikaka."

"Najua. Na mutu akiwa mugonjwa kweli, munaandikaka nini?"

Kabamba aliichukua ile karatasi, akalisoma tena lile neno.

"Muniambie," Dorica aliendelea. "Mukificha kufa ndani ya neno mugonjwa, mugonjwa yeye atapata neno gani?"

Mama mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba msibani si mahali pa kubishana. Dorica hakumjali.

"Mwezi uliopita Yolande alikuya kwetu kupimwa," alisema. "Ni tumbo ya kwanza, na njia yake ni ndogo. Nilimuambia arudi angojee kuzaa hapa karibu na hospitali. Siku zake ni hizi. Mutoto anaweza kuwa amekwama. Mutu wa vile anapona, lakini kama anafika mapema. Ba Patson! Nani alikupa hii karatasi?"

"Muvuvi mumoja, simujui," Patson alijibu. "Alisema ni ya Kabamba, na ni ya mbio."

"Ulisikia kilio kwa Mutale?"

"Sikufika kwa Mutale. Mi nililala upande ingine ya kisiwa."

Kabamba alisimama. "Na kama alikufa? Tufike batu wawili, bila unga, bila dada yangu? Wakwe zetu batasema nini?"

Watu wote walimtazama Léonie. Na Léonie aliogopa, nasema wazi. Kumlilia mwanawe mara moja kulikuwa kumemmaliza. Sasa Dorica anamwambia atumaini. Kama tumaini hilo ni la uongo, atamlilia mara ya pili, na hakujua kama angeweza.

Alijifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Baseme," alisema. "Kama alikufa, nitaomba musamaha kwa wakwe. Kama iko muzima na mi niko hapa natafuta unga, nitaomba musamaha kwa nani? Patson, tuende."

Walivuka wanne: Patson, Léonie, Kabamba na Dorica. Kwa moteri safari ni kama saa mbili. Ziwa lilikuwa na mawimbi, na maji yaliwamwagikia mapajani. Léonie alitega masikio tu. Nyumba yenye msiba husikika kutoka majini, hata kabla hujaiona.

Walikaribia. Hakusikia kilio.

Kangwa alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Tangu alfajiri alikuwa anatazama ng'ambo. Kwa heshima ya ukwe hakumtazama Léonie usoni, bali alimpigia kelele Dorica.

"Iko muzima! Lakini anateswa tangu jana asubuhi! Mutoto hatoki!"

Léonie alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Dorica yeye alikwisha kuruka majini.

Wanawake wa kisiwa walikuwa wamejitahidi kwa kila walichojua. Walikataa Yolande apakiwe kwenye mtumbwi wa kasia, maana safari ya nusu siku katika mawimbi yale ingemuua. Mzee Mutale aling'oa mlango wa nyumba yake. Wakamlaza Yolande juu ya mlango huo. Mzee huyo, mwenye mvi tupu, alishika upande wa kichwa, akaingia majini na nguo zake zote, akamweka mkwe wake ndani ya boti polepole.

"Muende," alisema. "Mi nitafuata na kasia."

Walifika Kashikishi saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado halijazama Yolande alipoingizwa katika chumba cha upasuaji. Alipasuliwa, akatolewa mtoto wa kike. Mtoto hakulia mara moja, na Dorica alimsugua mgongo kwa kitambaa mpaka akalia. Yolande alipoteza damu nyingi. Daktari alisema kwamba wangechelewa saa mbili nyingine, angewapoteza wote wawili.

Siku ya tatu Yolande aliweza kunywa uji. Nje ya wodi, kibarazani, jamaa waliketi na Dorica. Patson naye alikuwa amekuja kusalimia. Kabamba hakuweza kunyamaza tena.

"Kangwa, mutoto wangu, juu ya nini hukuandika ni uchungu ya kuzaa?"

Kangwa alitazama miguu yake. "Baba, ningeandika namna gani? Ile karatasi itasomwa mbele ya mama mukwe. Mi nitaje tumbo ya mutoto wake? Ni haya kubwa. Niliandika mugonjwa."

"Ona sasa," Dorica alisema. "Mumoja anaficha kufa. Mwingine anaficha tumbo. Na Yolande katikati yenu anataka kufa."

Patson alijikuna kichwa. "Nasikia ku Afrika ya Kusini kuko simu ya kutia ku mufuko. Inatuma maneno ya kuandika, hapana sauti tu. Ikifika huku kwetu, hii mateso itaisha."

"Awe, hapana, Ba Patson!" Dorica alijibu. "Hiyo simu itatuma 'iko mugonjwa sana, mukuye mbio'. Itafika upesi kuliko boti yako. Na sisi tutaanza kulia upesi zaidi."

Wote walicheka, hata Kabamba. Dorica hakuwaacha hapo. Alitoa kalamu ya kazi yake na kipande cha karatasi, akampa Kangwa.

"Andika tena, kama ni ile jioni. Jina ya mugonjwa kwanza. Kama iko muzima, useme iko muzima."

Kangwa aliandika polepole. Dorica akawa anauliza: Ana nini? Tangu lini? Leo ni tarehe gani? Yuko wapi? Munahitaji nini kwetu? Kangwa alipofika kwenye tumbo alisimama, akamtazama Kabamba. Kabamba akamwambia, "Andika. Haya haikuzika mutoto wangu, lakini ilitaka kumuzika." Walipomaliza, karatasi ilisomeka hivi:

"Yolande ni muzima lakini ana uchungu ya kuzaa tangu leo asubuhi. Mutoto hatoki. Leo ni tarehe 9 Juni, jioni. Tuko kwa Mutale, Kilwa. Tunahitaji boti ya moteri. Kangwa."

"Na usiikunje," Dorica alisema. "Karatasi ya chumvi ni yako na mama mukwe, kunja. Karatasi ya ugonjwa iachwe wazi, kila mutu anayeibeba asome."

"Ningesoma hii," Patson alisema kwa sauti ya chini, "ningezunguka kisiwa nimubebe mi mwenyewe, asubuhi ile ile."

Kabamba alikuwa na swali moja bado. "Na kufa? Nayo tuandike? Dorica, ile neno ku karatasi ni kisu."

"Ni kisu, mukwai. Lakini mugonjwa anataka neno yake. Basi karatasi iseme kweli, na mutu anayeibeba alete huruma. Akae kwanza na mwenye msiba. Amushike. Ndiyo ampe."

Usidhani watu walibadilika kesho yake. Akina mama wengine wa kanisa walisema kwamba Dorica anafundisha ukatili. Kabamba alisimama kanisani Jumapili mbili mfululizo akaeleza yaliyompata, na bado wengine walitikisa kichwa. Lakini wavuvi walielewa upesi, kwa kuwa wao ndio wabebaji. Mwezi wa Oktoba Patson alipewa karatasi isiyokunjwa: mtoto wa Tamara, mwanamke wa kisiwani, anaharisha tangu jana, macho yameingia ndani, wanahitaji boti. Patson hakuipeleka karatasi popote. Alishusha samaki wake, akampakia mtoto na mama yake, akaondoka. Mtoto huyo yu hai mpaka leo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, Patson alifika tena kwa Kabamba. Safari hii hakuongea akiwa amesimama. Aliketi mkekani, akangoja mpaka Kabamba na Léonie nao wakaketi. Ndipo akamshika Kabamba mkono, akampa karatasi.

Kabamba alisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Baba yangu Mutale amekufa leo alfajiri. Tunazika kesho saa nane. Yolande na mutoto ni bazima. Kangwa."

"Soma ile ya mwisho tena," Léonie alisema.

"Yolande na mutoto ni bazima."

Léonie alijifunika uso kwa kitenge, akamlilia Mzee Mutale, aliyeingia majini na nguo zake zote ili mtoto wa watu apone. Alimlilia sana. Na siku hiyo alimlilia mzee huyo tu.