Dufie Alisema Hamjui

Mwanamume akikukanyagia kitambaa soko la Kumasi, ama alipe ama akuoe. Okyere, fundi cherehani mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata kama kisu, alikanyaga cha Dufie, cha manjano, siku ambayo watu walijaa mpaka pumzi unaazima kwa jirani.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nimeyasahau hapo usoni pako, mrembo. Lete hicho kitambaa, nikushonee gauni."

Gauni likamkaa hata wauza samaki wakaacha kufukuza nzi. Simu asubuhi, simu jioni, mpenzi huku, asali wangu kule. Ila Okyere akiuliza, "Lini nitamwamkia mama?" Dufie hujibu, "Yuko Accra kwa kaka."

Accra gani! Mama Pokuaa alikuwa chumbani, kufuli kwa nje. Daktari alishasema ni ugonjwa wa usahaulifu, unamla akili kidogo kidogo. Majirani walisema uchawi, na Dufie aliwaogopa majirani kuliko alivyomwamini daktari.

Siku moja kufuli halikubana. Mama akatokea sokoni, kiatu kimoja, blauzi ndani nje, akamshika Dufie mkono mbele ya Okyere.

"Dada, nipeleke nyumbani."

Wauzaji wakageuza shingo.

"Dufie, unamjua?" Okyere akauliza.

"Simjui."

Okyere akamnunulia bibi uji, akamshika mkono, akaifuata miguu yake. Miguu ya mzee haisahau njia upesi. Ikamfikisha kwenye mlango wenye kufuli kwa nje. Na kambani, gauni la manjano alilolishona mwenyewe.

Dufie aliporudi alimkuta mama amelala, amefunikwa, blauzi imegeuzwa sawa. Akajua. Wiki nzima hakupokea simu. Hata kioo alikipa mgongo. Siku ya nane akapokea.

"Jumamosi naja na mjomba wangu kubisha hodi kwenu, nikupose."

"Okyere, kufuli hukuliona?"

"Nililiona. Mama alinitukana njia nzima, nikampenda. Kufuli sikulipenda, Dufie. Nakwambia ukweli."

Jumamosi mama aliketi sebuleni, kitenge kipya, shanga shingoni. Wageni wakaweka mezani chupa ya jini, pombe ya posa. Kwa desturi binti huulizwa mara tatu.

"Dufie, hawa wageni unawajua? Chupa yao tuipokee?" mjomba wake Dufie akauliza.

Dufie akamtazama mama yake. Mara ya pili, bado anamtazama. Okyere jasho likamharibia pasi. Ya tatu, Dufie akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Kwanza niulizeni kama namjua huyu. Namjua. Ni mama yangu. Nilimkana sokoni, mchana kweupe."

Mama Pokuaa akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mimi huyu binti simjui," akasema, "lakini ni mtoto mzuri. Na nyinyi, hiyo chupa mnaitazama tu?"

Dufie akacheka huku analia. "Ifungueni, mjomba. Mama amesema."