Betri Chini ya Kitanda cha Kageha

—Namba nne! Mama Akinyi, mwenye ploti, akasoma, akavua miwani, akavaa tena. —Namba nne ndiyo inamaliza tokeni zetu za stima!

Ploti nzima pale Manyatta ikageuka kumwangalia Kageha, fundi wa nguo wa namba nne.

Kisanduku kilichotoa siri kilikuwa ukutani, kazi ya Khaemba, mwanafunzi wa uinjinia mwaka wa nne na, hata kuku wa ploti wanajua, mpenzi wa Kageha. Mita moja, nyumba kumi, kila stima ikiisha ni vita. Sasa kisanduku kilikuwa kinaonyesha kila nyumba inakula stima ngapi. Kikifaulu hapa, Khaemba alitaka kukipeleka mtaa wa Mamboleo, kisha Kisumu yote.

—Mama, cherehani nakanyaga na mguu. Stima nakula na nini?

—Khaemba, hii kitu yako inadanganya?

Khaemba akakohoa.

—Hapana, Mama. Haidanganyi.

Maskini kijana! Hesabu alijua, mapenzi bado.

—Basi Kageha, Jumamosi utoke kwa ploti yangu.

Kageha akafunga mlango. Simu ya Khaemba ikalia, ujumbe wake: "Umenianika mbele ya watu. Na nilikuwa nakushonea koti ya kwenda kuonyesha hiyo sanduku. Usinipigie."

Akapiga. Mara ya nane ikashikwa.

—Kageha, nisikie tu. Kwako kumechomekwa nini saa hii?

—Taa moja. Na takataka zako.

—Takataka gani?

—Betri sita za boda! Si ulisema "niwekee siku mbili, mpenzi"? Mwezi wa pili huu. Chaja inanguruma chini ya kitanda kama paka.

Khaemba akajipiga kofi la paji la uso.

—Khaemba? Uko?

—Niko. Lakini naona aibu kuwepo.

Betri zilikuwa za kumwashia taa nyanya yake kule Muhoroni, ambako waya za stima zilipita juu ya miwa zikaruka boma lake. Kuukuu zile, hazishibi. Mitihani ikaja, akazisahau.

Akatoka uani, akagonga sufuria.

—Watu wa ploti! Mwenye kumaliza stima ni mimi. Betri ni zangu, Kageha alinisaidia tu. Kisanduku ng'oeni mkitaka, lakini yeye abaki!

—Omera, ndugu yangu, umetega mtego ukaingia mwenyewe! Gordon wa namba saba akacheka mpaka akakaa chini.

—Nani ang'oe? Mama Akinyi akauliza. —Kimeshika hata aliyekitengeneza! Hicho kinabaki. Na Kageha pia anabaki.

Mlango wa namba nne ukafunguka. Kageha, futi ya kupimia shingoni.

—Na mimi naombwa msamaha na nani?

—Na mimi, mpenzi. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuuliza mashine.

—Umesema. Sasa beba betri zako. Kesho tunapeleka Muhoroni.

—Tunapeleka?

—Wewe ukienda peke yako si utazisahau njiani?

Kesho yake balbu ikawaka kwa nyanya, nyeupe pee. Nyanya mwenyewe hakuiangalia hata kidogo. Alikuwa anamwangalia Kageha.

—Khaemba, taa nimeona. Huyu naye umeleta wa siku mbili?

—Wa kukaa, kukhu, akajibu Kageha mwenyewe, akaanza kumpima nyanya mabega. —Na wewe nguo ya harusi nakushonea rangi gani?