Riwaya Nene ya Kitanda cha Sita

Haya yalimkuta jirani yangu, mkutubi wa hospitali, na mimi nasimulia kama alivyonipa. Wagonjwa walimwita Dada Vitabu. Kila asubuhi alisukuma toroli lake wodini, na ushauri wake ulikuwa uleule: soma riwaya za Ulaya za karne ya kumi na tisa.

"Zile hazina papara," alikuwa akisema. "Mtu anavua koti ukurasa wa kumi, analitundika ukurasa wa ishirini."

Watu walicheka. Ila wodi ile ilikuwa na imani yake: aliye katikati ya kitabu hafi. Dada Vitabu hakuwa mtu wa kuamini upuuzi. Lakini mdogo wake, Kitinda, alipolazwa kitanda cha sita na daktari akaanza kumkwepa macho, alijiambia lisemwalo lipo. Akamchagulia riwaya nene kuliko zote, kurasa mia tisa. Kitinda alisoma kurasa tano kwa siku, tena kwa kusinzia. Hiyo ilikuwa nusu mwaka.

Siku ya nne Dada Vitabu alikuta alama ya kusomea iko ukurasa wa mia sita.

"Umesoma yote haya?"

"Si mimi, dada. Ni yule mama unayemtuma anisomee mchana. Ana sauti nzuri. Ila anakimbiza."

Hakuwa amemtuma mtu. Wauguzi hawakumwona mgeni. Hapo angepiga kelele, lakini tangu wamzike mama yao moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Kukichukua kitabu alisita: asiye na kitabu yuko katikati ya nini? Basi yeye, aliyegombeza watu kwa kukunja pembe za kurasa, akachana karatasi kumi za mwisho, akaenda kuzichoma nyuma ya jiko.

Kesho yake mchana alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda. Kitabu kilikuwa wazi juu ya shuka. Kitinda akatazama kiti, akanong'ona:

"Dada, inuka. Umemkalia."

Akainuka. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ukurasa ukafunuka. Kisha mwingine. Kisha mwingine.

"Mwambie za mwisho hazipo," Dada Vitabu alisema. Sauti yake ilitoka kavu, kama anayemjibu msomaji kwenye dirisha la maktaba.

Kitinda alitega sikio. Akatabasamu kidogo.

"Anasema hana haja nazo. Mwisho anaujua kwa moyo."

Akafumba macho ili asikilize vizuri.

Saa tisa muuguzi alimfunika Kitinda shuka hadi usoni. Dada Vitabu hakulia. Alitafuta uchungu ndani yake, hakuuona, na hilo ndilo lililomtisha. Akachukua kitabu akirudishe kwenye toroli. Pembe za kurasa zilikuwa na unyevu, moja baada ya nyingine, pale mtu anaposhika kwa kidole alicholamba ili afunue. Alizigusa. Zilikuwa bado hazijakauka.